Kabla ya Kupanda Meli, Simameni Heru

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni.

Wiki hii rafiki zangu wanne wa Dar wameniandikia. Wanataka kukodi gari Mwanza, wapite Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma, kisha wapande meli Ziwa Tanganyika. Wakaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa huko, niwapangie vituo vya kihistoria njiani. Walishaanza na orodha yao. Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Bandarini, kuiona Liemba. Katikati ya hapo, zaidi ya kilomita 300, walikuwa wameandika neno moja tu: kulala.

Sikuwakasirikia. Na mimi nimesoma shule hizi hizi, najua tulichofundishwa. Lakini neno lile lilinirudisha kwenye basi moja, miaka kadhaa iliyopita, nikirudi chuo kutoka likizo. Tulisimamishwa kwenye kizuizi. Afisa akapanda, akaangalia kitambulisho changu, akaangalia sura yangu, akaniuliza bibi yangu alizaliwa wapi. Nikamjibu, Heru. Akauliza, "Heru ndiyo wapi, Burundi?"

Watu wa Kasulu na Kibondo wanaosoma hapa hawashangai. Tumezoea. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kwa hiyo ukifungua mdomo tu unatiliwa shaka. Nilishushwa pamoja na wengine wawili, tukahojiwa, kisha tukaruhusiwa kuendelea. Abiria walikuwa wametusubiri kwa hasira, kana kwamba ni sisi tuliochelewesha safari.

Kwa hiyo jamani, orodha yangu ni hii, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Kituo cha kwanza ni Kibondo. Msiulize jumba la makumbusho, ulizeni jina. Jimbo la uchaguzi la Kibondo linaitwa Muhambwe. La Kakonko linaitwa Buyungu. Hayo ni majina ya tawala za Waha, zilizokuwa na mwami na ngoma zake kabla Mjerumani hajafika. Kila baada ya miaka mitano nchi nzima inasikia majina haya kwenye matokeo ya uchaguzi, na wachache sana wanajua yametoka wapi.

Hapo hapo Kibondo kuna historia ya karibuni zaidi. Waburundi walianza kukimbilia mkoa huu kwa wingi mwaka 1972, wakaja tena baada ya mauaji ya 1993, na tena mwaka 2015. Kambi ya Nduta ilifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka huo wa 2015. Huko Kasulu, Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya Zaire. Msiende kambini kupiga picha. Pale panaingiwa kwa kibali, na shida ya mtu si kivutio cha utalii. Lakini mkipita barabarani punguzeni mwendo, mkumbuke kwamba barabara hii watu wameitembea kwa miguu, watoto mgongoni, na wenyeji ambao nao walikuwa na shida zao walikata mashamba yao kuni na kugawana visima. Kulikuwa pia na ubaya. Miaka ile mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Yote hayo ni historia ya Tanzania.

Nikiwa sekondari, mwaka 2012, kambi ya Mtabila ilifungwa. Nayakumbuka malori yakipita na magodoro, mbuzi, na watoto wa umri wangu waliozaliwa hapa hapa wakipelekwa "nyumbani" ambako hawajawahi kukuona. Leo kijana akisema anakwenda Mtabila, wengi wanajua anakwenda JKT.

Kituo cha pili, na hiki ndicho ninachowaomba msikiruke, ni Heru, karibu na Kasulu mjini. Huu ulikuwa utawala mkubwa wa Waha. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mwami wake alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Fikirieni wadau: wakati sehemu kubwa ya nchi hii mwanamke hakai kwenye baraza, Heru ilikuwa inaamuliwa na mwanamke. Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, na mimi sidai urudishwe. Nadai kumbukumbu tu. Bibi yangu akimtaja Mwami Theresa hukaa sawa kwenye kigoda. Mimi nilimaliza kidato cha nne, hapo hapo wilayani, bila mwalimu hata mmoja kumtaja.

Fikeni, muombe mzee awaelekeze. Waheni sokoni pia, mnunue maharage.

Kutoka Kasulu barabara inashuka hadi Kidahwe. Mkiwa na siku ya ziada, hapo mnaweza kukata kwenda Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi ambazo watu wamekuwa wakichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Mkikosa nafasi, nendeni moja kwa moja Ujiji.

Ndiyo, Ujiji nendeni. Sina ugomvi na Livingstone. Ila mkisimama chini ya miembe ile, kumbukeni kwamba Novemba 1871, kabla Stanley hajafika hapo, alipita Buha, na watawala wetu walimtoza hongo kila alipofika. Alipochoka kulipa akatoroka usiku kwa njia za porini, msafara mzima ukiamriwa kunyamaza. Kwenye kitabu chake sisi ni wanyang'anyi. Kwa wenye nchi ile ilikuwa ni ada ya kupita. Na Ujiji yenyewe ilikuwa mwisho wa barabara ya misafara kutoka Bagamoyo. Waliopita pale shingoni wana minyororo ni wengi kuliko wazungu wote walioandika vitabu.

Halafu bandarini. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye kiwanda kile kile cha Meyer ambacho baadaye kilipata umaarufu kwa kuunda meli kubwa za kitalii za baharini. Ililetwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina hili la sasa. Jina la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, la gavana aliyeizima Maji Maji. Ilisimama mwaka 2018 ikisubiri matengenezo makubwa, kwa hiyo kabla ya kulipia chochote ulizeni bandarini meli gani inasafiri na lini.

Jambo moja la mwisho. Mpaka wa Burundi ambao afisa yule aliutumia kunipima haukuwa mpaka wa nchi na nchi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Pande zote mbili zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Vita ilipokwisha Mbelgiji akachukua upande ule, Mwingereza akachukua huu. Ndugu wakabaki kila mmoja na bendera yake.

Namlaumu afisa yule, lakini si peke yake. Angejuaje Heru, kama hakuna kibao, hakuna ukurasa kwenye kitabu cha shule, na hata wasomi wa Dar wanaona ni mahali pa kulala tu? Halmashauri zetu zinaweza kuanza na vibao vitatu vya bati: Muhambwe, Mtabila, Heru. Sidhani kama bajeti itatetereka.

Rafiki zangu wamenijibu jana. Wameongeza siku moja. Nimempigia bibi simu kumwambia wageni wanakuja, akauliza swali moja tu: wanakula ugali wa muhogo?