Bosi, shika spana

JICHO BARABARANI
Na Hamisi Mlangali

Pita kwenye gereji yoyote ya chini ya mwembe, iwe Mbagala au Mafinga, utakuta mambo ni yaleyale. Pikapu imefunguliwa boneti, fundi yuko uvunguni miguu nje, na mwenye gari amekaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu, anaperuzi simu. Baada ya saa nzima anaitwa. "Bosi, hapa kuna kazi." Anaoneshwa kitu cheusi chenye grisi, anakubali kwa kichwa kana kwamba anakijua, kisha anauliza swali pekee analoliweza: shilingi ngapi?

Ugomvi wangu leo ni na huyo wa kwenye benchi. Fundi nitamgeukia wiki nyingine.

Tumezoea kulalamika kwamba mafundi ni wababaishaji. Wapo, tena wengi. Ila ubabaishaji haunawiri bila mteja asiyejua lolote, na sisi wenye pikapu tumejitolea kuwa wateja hao. Mtu ana Hilux inayomlisha yeye na familia, inabeba saruji, mbao, viazi vya Njombe, lakini hajui kijiti cha kupimia oili kinachomolewa wapi. Ukimuuliza oili ilibadilishwa lini, anampigia fundi simu.

Sababu kubwa naiona ni hadhi. Mtu akishanunua gari, jirani hategemei kumwona amelala chini yake. Atadhani mambo yamemwendea kombo. Mkono wenye grisi ni wa spana boi, wa bosi ni wa kutoa hela. Na hela kweli zinatoka.

Chukua zile Hilux za dizeli zenye injini ya 3L na 5L, ambazo hadi leo ndizo punda wa biashara ndogo nchini. Filta yake ya dizeli ina kifungulio chini na pampu ya mkono juu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yakiingia kwenye mafuta yanazama chini ya filta na kujikusanya pale, na kwa gari nyingi taa huwaka kwenye dashibodi. Dawa yake ni ndogo kuliko kukaanga yai. Weka kopo chini, legeza kifungulio bila kukitoa, bonyeza pampu mpaka itoke dizeli safi, kaza. Spana huhitaji.

Asiyejua hilo huiona taa, huizoea, huendelea na safari. Pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Maji hayalainishi kitu, huleta kutu na kukwangua vyuma. Siku gari linapogoma njiani na mzigo wa nyanya juu, fundi atashusha pampu, atafungua nozeli, na bei yake haitamwonea mtu huruma.

Hapa kuna watakaosema mafuta yetu siku hizi ni salama. Ni kweli tumetoka mbali. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi za uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Hatua zile zilisaidia, tena mno, maana mafuta ya taa yakishachanganyika na dizeli hakuna filta itakayoyatenganisha. Lakini vinasaba havizuii mvua ya masika kuingia kwenye pipa la muuza dizeli wa kijijini. Hiyo ni kazi ya filta, na ya mkono wako.

Oili nayo. Injini hizo hunywa lita sita hivi, na kwa barabara zetu sioni sababu ya kuvusha kilomita 5,000 bila kuibadilisha. Imwage injini ikiwa na uvuguvugu, si ya moto wa kukuunguza. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, ikaze kwa mkono tu. Anayeikaza kwa spana anamtafutia taabu atakayeifungua. Faida ya kuifanya mwenyewe, kwangu, si ile fedha ya ufundi unayookoa. Ni kwamba unajua kilichomo. Oili feki huuzwa kwenye madumu halisi yaliyookotwa na kujazwa upya, ndiyo maana dumu langu tupu nalitoboa kabla halijatoka nyumbani. Oili chafu usiimwage mtaroni. Jirani anayejenga uzio atakushukuru, maana nguzo akizipaka, mchwa huzikwepa.

Grisi kwenye propela, hasa ukishavuka maji na matope. Filta ya hewa wakati wa vumbi, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Hayo ni ya Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea.

Sisemi uwe fundi. Taimingi belti ya injini hizo, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, usiiguse kama hujafundishwa. Ikikatika, au ikifungwa nje ya alama zake, pistoni hugonga valvu na hapo unazungumzia kununua injini. Breki pia mwachie anayezijua. Wenye Hilux za kuanzia Vigo ya mwaka 2005, zenye nozeli zinazoendeshwa kwa umeme na dizeli ya shinikizo kubwa, wasifungue bomba la nozeli kwa udadisi. Na mtu yeyote, fundi au bosi, asiingie uvunguni mwa gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Mawe nayo hapana, hupasuka bila taarifa. Weka stendi, au magogo mapana yaliyolala vizuri.

Lakini hata kwenye belti, mwenye kujua hafanani na wa kwenye benchi. Ukinunua pikapu iliyotumika, usiulize dalali belti ilibadilishwa lini. Badilisha. Nenda na fundi kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani mkanunue pamoja, na ile ya zamani urudi nayo nyumbani.

Najua nitaandikiwa kwamba nawanyima mafundi ugali. Fundi mzuri hatajirishwi na kumwaga oili. Kinachomtafuna ni mteja anayefika na kusema "gari halina nguvu," akaishia hapo. Aje mwingine aseme: asubuhi ya baridi linagoma, likiwaka linatoa moshi mweupe, likipata moto linatulia. Fundi ataanza na hita plagi, na huenda asifungue kingine siku hiyo. Saa mbili za kubahatisha zimeokolewa, na hakuna kifaa kizima kilichong'olewa kwa majaribio, kwa bili yako.

VETA kwa miaka sasa imekuwa ikiwapima mafundi walioiva mitaani na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani upya. Jambo jema. Ningeiomba sasa iwageukie walio kwenye benchi: kozi fupi ya Jumamosi kwa wenye magari, Chang'ombe kwanza kisha mikoani, filta, oili, grisi na jeki, basi. Ada iwekwe hata ya juu kidogo. Wenye Hilux hawakosi ada, wanachokosa ni ovaroli.