Mabao 17 ya George Mpole na hoja za kijiweni

Msimu wa 2021/22 kiatu cha mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara hakikwenda Kariakoo, kwa Simba au Yanga. Kilikwenda Geita. George Mpole, straika wa Geita Gold, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, alimaliza na mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Geita Gold yenyewe ilishuka mwaka 2024, lakini ubishi wa kiatu kile bado mbichi, kuanzia Katoro mpaka Kahama na Shinyanga mjini. Hoja ni zilezile kila siku, na nyingi hazihimili kalamu na karatasi.

Inayotangulia mara zote ni hii: mabao 17 ni machache, Kagere alifunga 23. Ni kweli, Meddie Kagere wa Simba alifunga 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata. Kinachosahaulika ni kwamba misimu ile ligi ilikuwa na timu 20, kila timu ikicheza mechi 38. Mpole alifunga katika ligi ya timu 16, mechi 30. Ukigawanya mabao kwa mechi za msimu, Kagere anapata 0.61, kisha 0.58. Mpole anapata 0.57. Tofauti yake na msimu ule wa pili wa Kagere, kwa mechi 30, haifiki hata nusu bao. John Bocco alichukua kiatu cha 2020/21 kwa mabao 16 katika mechi 34, yaani 0.47, na sijasikia mtu akimwambia akirudishe. Wanaomwacha Mpole kwa mbali wapo: Emmanuel Okwi mwenye 20 msimu wa 2017/18 na Stephane Aziz Ki mwenye 21 msimu wa 2023/24, wote katika mechi 30. Kwa hao wawili sina ubishi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: alibahatisha. Hapa lazima tuulize bahati inaweza kumbeba mtu kiasi gani. Bao ni tukio adimu, na matukio adimu huyumba. Mtu ambaye uwezo wake halisi ni mabao 17 kwa msimu anaweza kupata 13 mwaka huu na 21 mwaka ujao bila kubadilika chochote mguuni. Sasa chukua straika wa kawaida, uwezo wake mabao 8 kwa msimu. Kwa hesabu ya Poisson, ambayo ndiyo hutumika kwa matukio ya namna hii, uwezekano wa mtu huyo kufikisha 17 au zaidi kwa bahati tupu ni kama 4 katika 1,000. Anayesema Mpole alikuwa straika wa kawaida aliyeokota dhahabu njiani anadai jambo karibu lisilowezekana.

Lakini hesabu hiyohiyo haiwapi raha mashabiki wa Geita pia. Mpandishe straika wetu afikie uwezo wa mabao 10. Nafasi yake ya kugusa 17 inakuwa kama 3 katika 100. Na ligi haina straika mmoja tu. Wakiwepo kumi wa kiwango hicho, uwezekano kwamba mmoja wao, yeyote yule, atafika huko msimu fulani unakaribia robo. Halafu sisi tunamtazama yuleyule aliyefika, kwa sababu ndiye aliyepewa kiatu. Kwa hiyo picha inayoaminika ni ya mshambuliaji mzuri kweli, juu ya wengi wa ligi, aliyekutana na mwaka wake. Bahati ilimsogeza, haikumtengeneza. Ndiyo maana pia sishangai kwamba hatukumwona akirudia namba hizo. Baada ya hapo alihamia FC Lupopo ya Lubumbashi, na hata angebaki Geita, msimu uliofuata mabao kupungua ndilo lingekuwa jambo la kutarajiwa.

Kuhusu Mayele, mashabiki wa Yanga wanasema alinyang'anywa, wa Geita wanasema alizidiwa. Tofauti ya bao moja haithibitishi lolote kati ya hayo. Kipa akidaka mpira mmoja zaidi, majina yanabadilishana nafasi. Kinachomweka Mayele juu, kwa maoni yangu, ni msimu wa 2022/23: baada ya yale 16 alifunga 17. Jumla 33 katika mechi 60 za ligi, 0.55 kwa miaka miwili mfululizo. Hapo ndipo ungeanzia ubishi kama ungekuwa upande wake, si kwenye lile bao moja.

Wengine wanachimbua ya 2016. Shirikisho la soka lilishusha timu nne za Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo, Geita Gold ikiwemo, baada ya kuifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ileile Polisi Tabora ilipoifunga JKT Oljoro 7-0. Doa hilo lipo, halifutiki. Ila lilikuwa mechi moja ya siku ya mwisho, daraja la chini, miaka sita kabla. Kulihamishia kwa mchezaji wa 2022 ni kuhukumu jezi. Na kama mabao kurundikana siku moja ni ushahidi, basi tuanze na Saido Ntibazonkiza: Juni 2023 alifunga matano Simba ilipoichapa Polisi Tanzania 6-1, karibu theluthi ya mabao yake 17 ya msimu, yaliyomfanya agawane kiatu na Mayele. Hakuna anayemtilia shaka, na hakuna sababu ya kumtilia.

Ipo na ile ya kwamba straika hupimwa kwa Simba na Yanga. Mechi hizo ni nne tu kati ya 30. Watu wa Shinyanga wanalijua hili kuliko wengine: Septemba 2018 Alex Kitenge wa Stand United, timu yao, aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, Stand ikalala 4-3, na mwisho wa msimu timu ikashuka. Mechi ile ni kumbukumbu tamu, kipimo hapana. Anayetaka jukwaa kubwa atazame Juni 2022, Mpole alipoifungia Taifa Stars ikitoka 1-1 na Niger kule Cotonou, ingawa hilo nalo ni bao moja.

Imebaki sifa moja inayotoka kwa watetezi wake: Mpole hakosi. Hii nayo siikubali. Stephen Curry wa mpira wa kikapu tunamwita mlenga shabaha si kwa sababu alifunga mitupo 402 ya pointi tatu msimu wa 2015/16, bali kwa sababu tunajua alirusha 886, yaani zaidi ya 45 kwa kila 100. Kwa Mpole mjadala wote unazungukia 17. Wanaosema hakosi hawana hesabu ya mashuti aliyopiga, penalti ngapi zimo, dakika ngapi alikuwa uwanjani. Mabao 17 kwa mashuti 50 na 17 kwa mashuti 110 ni mastraika wawili tofauti kabisa, na kwenye orodha ya wafungaji wanasomeka sawasawa.