Kuuliza si Ujinga: Lugha na Hofu ya Chanjo Mbololo

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, wakati wa janga la korona, mwananchi aliyeuliza swali kuhusu chanjo aghalabu aliitwa mjinga au adui wa sayansi. Makala haya yanashikilia kwamba kusita kwa wengi kulitokana pia na maswali yaliyokosa majibu katika lugha wanayoielewa.

Tutazame Mbololo, wadi iliyo katika eneo bunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Kenya tarehe 3 Machi 2021. Mwezi huohuo, mataifa kadhaa ya Ulaya yalisimamisha matumizi yake kwa muda ili kuchunguza visa vya damu kuganda. Habari hizo zilienea upesi kwa simu. Ufafanuzi kwamba visa hivyo vilikuwa nadra mno ulifuata polepole, aghalabu kwa Kiingereza cha wataalamu. Je, mzee azungumzaye Kidawida nyumbani na Kiswahili sokoni angeamini lipi?

Neno lenyewe lilikuwa na msaada. Kuchanja ni kukata: kuni huchanjwa, na mganga humchanja mtu chale ili kumkinga. Wazo la kuingiza kinga mwilini, basi, si geni kwetu. Lililokosekana ni kulitumia kama daraja la kumfikia msikilizaji.

Wapo waliohoji faida ya chanjo ambayo aliyeipata bado aliweza kuambukizwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana Mbololo kwenyewe. Mkulima anayelinda mazao yake dhidi ya ndovu wa Tsavo anajua kwamba ua hauzuii kila ndovu, ila hupunguza hasara. Vivyo hivyo, chanjo ya korona haikuzuia kila ambukizo, bali ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo.

Serikali ilichagua fimbo. Novemba 2021 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba wasiochanjwa wangenyimwa huduma za umma. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Amri yaweza kuuleta mkono kwenye sindano, lakini imani haiji kwa amri.

Suala hili halijapita. Tarehe 31 Julai 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kilichogunduliwa mpakani Taveta, katika kaunti hiyohiyo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sisi wanafunzi wake tusiridhike na kuhakiki riwaya na kusahihisha ngeli. Tukae na wauguzi, tuyaandike maelezo ya chanjo kwa Kiswahili chepesi, na wazungumzaji wa Kidawida wayafikishe milangoni. Mwananchi akijibiwa akakataa, amechagua. Asipojibiwa, tusimlaumu kwa kukataa asichoelezwa.