Kausha damu haisafishi jina

Sisi mafundi cherehani wa Bukoba na Muleba tunawaona mabibi harusi na mama zao wakikimbilia kausha damu kwa sababu benki imewakataa: jina lina deni la zamani. Tupige hesabu. Laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukilipa riba tu, baada ya miezi 5 umetoa laki nzima na deni liko palepale. Na riba ni haramu.

Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake bila riba. Tujiunge. La zamani tulilipe kidogo kidogo. Ndoa inahitaji walii, mashahidi, ridhaa na mahari. Ukumbi wa mkopo hauhitajiki.