Nyonga Iliyovunjika Si Uzee

Singida iko kwenye uwanda wa juu. Alfajiri za Juni na Julai huwa na baridi na upepo mkali. Bibi atokaye gizani, viungo vimekakamaa, huteleza kwenye jiwe la mlangoni lililoloa maji. Akishindwa kusimama, na mguu ukaonekana mfupi uliogeukia nje, huo si uzee: yaelekea nyonga imevunjika. Kumkanda na kumlaza nyumbani humkaribishia vidonda vya mgandamizo, nimonia na damu kuganda. Wahudumu wenzangu wa zahanati, umri wake usiwe kisingizio cha kumnyima rufaa. Uwe sababu ya kuiharakisha. Ndugu, msiuvute mguu. Ufungeni pamoja na ule mzima, mfunikeni blanketi, mumfikishe hospitali siku hiyo hiyo.