"Anashiba" Si Jibu: Mlo Kamili Utoke Kwenye Mtihani, Uingie Kwenye Bakuli

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tunaifundisha darasani, tunaitungia insha na kuiwekea alama. Lakini kila tunapoitaja, fikra zetu hukimbilia adabu na maadili, wala si bakuli la uji. Leo nataka kuirudisha kwenye bakuli.

Miaka mitatu iliyopita kitinda mimba wetu, akiwa na umri wa miezi 16, alipimwa katika kliniki moja hapa Kakamega akapatikana na kilo 7.9. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa umri huo hatarajiwi kuwa chini ya kilo 8.4, na uzito wa kawaida ni takriban kilo 10.5. Mstari wa uzito katika kijitabu chake cha afya ulikuwa umelala kwa miezi minne. Nilitahayari. Mimi ni mhadhiri, mama yake ni mwalimu, na nyumbani kwetu unga haujawahi kukosekana.

Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza, "Mtoto anakula nini?" Nikajibu kwa haraka, "Anakula vizuri, anashiba." Akatabasamu. "Mwalimu," akasema, "sikuuliza kama anashiba. Nimeuliza anakula nini."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, ila siku hiyo mimi ndimi niliyefundishwa tofauti ya vitenzi viwili. Kushiba ni habari ya tumbo peke yake. Maji hushibisha, na uji mwepesi wa mahindi hushibisha vilevile. Kulisha ni kitenzi cha kauli ya kutendesha, kilichonyambuliwa kutokana na kula, na kutoka humo tukapata neno lishe. Kitenzi hiki hakikamiliki bila watu wawili: anayekula na anayemfanya ale. Nyumbani kwetu mlaji alikuwapo. Mlishaji ndiye aliyekosekana. Mtoto alikuwa akinyweshwa uji kutoka kwenye chupa ya chai tangu asubuhi, na jioni akitupwa kwenye sinia moja na ndugu zake wawili waliomzidi mbio.

Wasomaji watakubaliana nami kwamba kisa hiki si cha nyumba moja. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wana uzito mdogo kuliko umri wao, na asilimia 18 wamedumaa. Ni kweli kwamba tumepiga hatua, kwa kuwa waliodumaa walikuwa asilimia 26 mwaka 2014. Hata hivyo, katika kila darasa la chekechea lenye watoto 30, takwimu hizi zina maana ya watoto watatu wenye uzito pungufu. Mwalimu anayewaita wavivu au wazito wa kuelewa huenda anailaumu njaa iliyoanza kabla hawajajua kutembea.

Kosa la kwanza la wazazi wanaotaka mtoto anenepe ni kutafuta njia ya mkato. Nami nilishawishika. Duka moja la dawa liliniuzia dawa ya maji "ya kuleta hamu ya kula". Muuguzi yule aliposoma karatasi yake alinionyesha kwamba ni dawa ya mzio, ambayo humletea mtoto usingizi na haifai kutolewa bila agizo la daktari. Wengine hununua soda, biskuti na maandazi, wakidhani sukari ndiyo uzito. Wengine huchanganya unga wa aina kumi, wakatia mahindi, soya, njugu, omena na wimbi katika mfuko mmoja, ilhali kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na tumbo la mtoto hutaabika. Isitoshe, unene wenyewe unaweza kudanganya. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu na uso, na majirani wakamsifu kwamba amenawiri.

Neno hilo kwashakoo lina historia inayofaa kukumbukwa. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alilikuta katika lugha ya Kiga huko Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, akaliingiza katika maandishi ya tiba mwaka 1935. Kwa maelezo aliyopewa na akina mama, ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale, ambao hawakuwa na shahada yoyote, walikwisha kuona kwamba hatari humjia mtoto anapolikizwa ghafla, kisha akapewa wanga mtupu badala ya maziwa. Maarifa yalikuwamo katika lugha yao. Daktari alifanya busara ya kusikiliza.

Basi mtoto aliyepungua uzito asaidiwe vipi? Niliyoelezwa, nami nikayafuata, hayana miujiza. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hutosheka kwa takriban kikombe kimoja, kwa hiyo kikombe hicho kisijazwe maji. Uji uwe mzito kiasi cha kutotiririka kwenye kijiko. Utiwe maziwa, au kijiko cha njugu zilizosagwa laini. Njugu nzima humkaba mtoto, na zilizoota ukungu huwa na sumu. Ugali au viazi vitamu vipondwe pamoja na yai, maharagwe, au omena zilizosagwa, kisha viongezwe kijiko cha mafuta au kipande cha parachichi, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Mboga zetu za kienyeji, kama vile kunde, mrenda na majani ya maboga, zisisahauliwe. Chai ya majani isiandamane na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Aidha, mtoto aliyetimiza mwaka ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati apewe ndizi, parachichi au maziwa lala mara moja au mbili. Ziwa la mama liendelee hadi miaka miwili au zaidi. Awe na sahani yake mwenyewe ili ijulikane amekula kiasi gani, na awe na mtu mzima wa kukaa naye bila kumlazimisha wala kumharakisha. Akiugua asinyimwe chakula, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa majuma mawili. Apimwe uzito kila mwezi, apewe vitamini A na dawa ya minyoo kila miezi sita kama kliniki inavyoelekeza, na alale ndani ya chandarua, maana malaria ya Magharibi hula damu na hamu ya chakula pamoja. Mzazi akiona miguu imevimba, mtoto amelegea au amekataa chakula kabisa, au utepe wa kupimia mkono umeonyesha chini ya sentimita 11.5, asingoje uji wala ushauri wa jirani. Aende hospitalini siku iyo hiyo.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Atauliza, je, yule mama wa shamba la miwa asiye na kitu? Swali hili ni la haki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mumias na viunga vyake ilitolewa kwa miwa tangu kiwanda kianze kusaga mwaka 1973. Kiwanda kilipoyumba hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wengi walikuwa hawana malipo ya miwa, wala shamba la maharagwe. Umaskini upo, na serikali haiwezi kujitoa katika wajibu huu. Mpango wa Kaunti ya Kakamega ulioanzishwa mwaka 2013, wa kuwapa akina mama wahitaji shilingi 2,000 kwa awamu walipohudhuria kliniki, ulithibitisha kwamba serikali ikitaka inaweza kumfikia mama. Misaada ya namna hiyo haistahili kutegemea jina la gavana aliyeko madarakani.

Hata hivyo, umaskini hauelezi kila kitu. Haueleze ni kwa nini mayai ya kuku wetu wenyewe huuzwa ili tununue mkate mweupe, au kwa nini maziwa yote hupelekwa sokoni kabla mtoto hajaonja. Umaskini hauelezi ni kwa nini kuku, ambaye sisi Waluhya tunajivunia kote nchini, huchinjiwa mgeni na firigisi ikamwendea baba, huku mtoto akipewa mchuzi. Mila iliyowanyima wanawake kuku imekufa, lakini kivuli chake kingali kinazungukia sinia. Wala si haki kumtupia mama lawama zote. Nyumbani kwetu aliyejibu "anashiba" bila kujua mtoto amekula nini nilikuwa mimi baba.

Hapa ndipo ninapowaelekea walimu na wanafunzi. Kwa miaka mingi tumekaririsha kwamba mlo kamili ni wanga, protini na vitamini. Mwanafunzi hupata alama zote, kisha hurudi nyumbani akambeba mdogo wake anayekunywa uji mweupe, asiuone uhusiano. Tumeifanya lishe kuwa msamiati, na msamiati usiotumika hufa. Mtaala wa umilisi uliotandazwa kuanzia mwaka 2019 unadai kumfunza mtoto kutenda. Basi na atende. Mwalimu na atoe zoezi hili: kwa juma moja kila mwanafunzi aandike yale ambayo mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, au kwa jirani, amekula, mara ngapi, na nani aliyemlisha. Majibu yajadiliwe bila kutaja nyumba ya mtu, na mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe kuyasikiliza. Nasi wa vyuo vikuu tutoke katika nadharia zetu, tusaidie kuandika mafunzo ya kliniki kwa Kiswahili na kwa lahaja za Kiluhya ambazo nyanya zetu wanazielewa. Nyanya ndiye mara nyingi anayeshika kijiko.

Mtoto wetu alifikia kilo 9.6 baada ya miezi mitano. Hatukununua dawa yoyote ya kunenepesha. Tulinunua sahani ndogo ya bati, tukaacha kuuza mayai, na kila jioni mmoja wetu akakaa naye mkekani hadi amalize. Udongo uwahi ungali maji. Ukiulizwa leo mtoto wako anakula nini, tafadhali usijibu kwamba anashiba.