Mwacheni Ale kwa Mkono Wake



Mama na dada zangu, si nyumba moja wala mbili zenye kijana ambaye wageni wakija, mkeka ukatandikwa na sinia la wali likaletwa, yeye huitwa jikoni akalishwe. Ametimiza miaka 18, na bado mama yake humtia tonge kinywani. Hafanyi hivyo kwa chuki. Ni huruma, ni haraka, na pengine ni haya ya wali kumwagika mbele ya watu. Lakini tujiulize: siku mama atakapougua, au atakapotangulia mbele ya haki, ni nani atakayeketi kumlisha?

Mwenye ulemavu wa akili huchelewa kujifunza. Si kwamba hajifunzi. Mara nyingi kinachomshinda ni chombo: kijiko chembamba humponyoka, sahani bapa humteleza.

Vipo vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili yake, na vingine twaweza kuviiga nyumbani. Kipini cha kijiko kivishwe mpira mnene, kama ule wa mkono wa baiskeli, kipate kushikika kwa kiganja kizima. Sahani iwe na ukingo uliosimama, ili wali usukumwe hapo uingie kijikoni. Chini yake pawekwe kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, isiteleze. Kikombe kiwe na vishikio viwili, wala kisijazwe.

Chombo pekee hakitoshi. Aketi wima. Weka mkono wako juu ya wake, mchote pamoja, mnyanyue pamoja, kisha mwachie hatua ya mwisho, ya kutia kinywani, aimalize mwenyewe. Akiizoea, mwachie na ile iliyo kabla yake. Ikiwa hupaliwa au kukohoa kila alapo, usiendelee kujaribu; mpeleke kwa daktari, na uulizie mtaalamu wa tibakazi katika hospitali ya kaunti.

Umar bin Abi Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka siniani. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwondoa. Alimfundisha palepale kumtaja Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake.

Basi Ijumaa hii mwekee mwanao nafasi mkekani. Wali utamwagika, mkeka hukung'utwa.

Wabillahi taufiq.